Bwalo la Shule Lisifungwe Baada ya Mlo

Katika shule nyingi za bweni nchini Tanzania, bwalo la chakula ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa, na pia miongoni mwa yale yanayotumika kwa saa chache. Wanafunzi hunywa uji asubuhi, hula ugali na maharage mchana, hurudi jioni, kisha mlango hufungwa kwa kufuli. Wakati huohuo, wauguzi wanaofika kutoa chanjo huenda wakapanga meza zao chini ya mwembe.

Sababu ya kwanza ya kulitumia bwalo mchana kutwa ni afya. Tangu 2018 wasichana nchini hupewa chanjo ya HPV, na wengi huipatia shuleni. Aliyechomwa sindano hutakiwa kuketi akiangaliwa kwa dakika 15, kwa kuwa baadhi ya vijana huzirai. Bwalo lenye kivuli, mabenchi na maji linaifaa kazi hiyo, kama linavyofaa kwa upimaji wa macho na kwa kujisomea usiku.

Hata hivyo, chumba cha kukaliwa kwa saa nyingi kinahitaji mchoro tofauti na chumba cha mlo wa nusu saa. Vimelea vya kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa, na huweza kuelea kwa saa kadhaa mahali pasipopita upepo. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa vyumba vya zamani vyenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyo wazi vilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vilivyotegemea mashine. Bwalo nalo lipewe madirisha mapana yanayotazamana. Jiko litengwe, likae upande ambako upepo hauleti moshi kwa wanaosoma. Mabomba ya kunawia mikono yawekwe katika njia itokayo chooni kuelekea mlangoni, na mengine yawe mafupi ili mtoto mdogo na mwenye kiti cha magurudumu wayafikie.

Wapo wanaopinga wakisema kuwa bwalo lisilofungwa huchafuka, na makombo huleta panya na mende. Pingamizi hilo ni la haki. Sakafu laini yenye mteremko na meza zinazofutika hupunguza tatizo, lakini haziliondoi. Lazima pawepo muda wa usafi kila baada ya mlo, na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Shule isiyoweza kutimiza hayo ni heri iendelee kulifunga bwalo lake.

Kamati za ujenzi huwaita mhandisi na fundi. Mhudumu wa zahanati huitwa kuhara kunapozuka. Yafaa aitwe mapema, mchoro ungali mezani, maana kuhamisha dirisha kwenye karatasi hakugharimu kitu.