Tokeni Ikichelewa, Usilipe Mara ya Pili

Saa mbili usiku, Mji wa Kale. Stima imezima kwako, lakini kwa jirani kunawaka. Kumbe tokeni zimekwisha. Unalipa shilingi 500 kwa simu, na meseji ya kukatwa pesa inaingia papo hapo. Zile nambari 20 za tokeni haziji. Dakika tano, kumi. Feni imesimama, watoto wanalia joto. Unalipa tena. Saa tatu unusu tokeni mbili zinaingia kwa mpigo, na hela ya mahamri ya asubuhi imeshageuka stima.

Wengi hapo hulaumu mtandao. Mara nyingi tatizo liko kwingine. Kati ya mfumo wetu na mfumo wa muuzaji kuna programu ya katikati, na kazi yake ni kama ya karani wa bandarini. Inapokea ujumbe kwamba umelipa, inaangalia nambari ya paybill kujua unakwenda wapi, inaupanga kwa namna ambayo mfumo wa pili unaielewa, kisha inaupeleka na kungoja jibu. Safaricom ilipowafungulia watengenezaji programu njia ya kuunganisha mifumo yao na M-Pesa mwaka 2017, iliiita Daraja.

Sisi wa kisiwani tungeiita feri. Pale Likoni feri zikipungua, abiria hapotei, anangoja zamu. Ujumbe nao, mfumo wa pili ukizidiwa, huwekwa kwenye foleni na kujaribiwa tena baadaye.

Kuna jambo moja hapa ambalo wateja hawaambiwi. Kila malipo yana nambari yake. Programu ikirudia kutuma ujumbe uliokwama, hutumia nambari ileile, na mfumo wa pili, kama umejengwa vizuri, utajua kwamba huu umeshaupokea. Ukirudia wewe kwa simu yako, hayo ni malipo mapya yenye nambari mpya. Mashine haina njia ya kujua kwamba ulikuwa na wasiwasi tu.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa si kuchelewa, ni kunyamaza. Sisi kampuni za malipo tumezoea kutuma meseji ya "umelipa" halafu tukaona kazi imekwisha. Pesa kutoka kwako ni jambo moja, huduma kukufikia ni jingine. Mteja anastahili kuambiwa: "Malipo yamepokelewa, tokeni bado inashughulikiwa, tafadhali usilipe tena." Kuna watakaosema meseji nyingi zinachosha watu. Ni sisi hawahawa tunaowatumia ofa kila wiki bila kuona haya!

Mpaka hapo tutakapobadilika, subiri kwanza. Usiifute ile meseji ya malipo. Ikipita saa nzima bila kitu, tupigie ukiwa na nambari ya muamala mkononi. Hiyo inatutosha kuutafuta ujumbe ulipokwama. Anayekupigia akikuomba PIN ili "aisukume" tokeni yako, huyo hatumjui, mkatie simu.