Mnyama aliyechoka na mwenyewe aliyechoka

Juma hili twaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuyaweke kando mambo ya ndoa na malezi, ambayo ndiyo mazoea ya safu hii, tuzungumze juu ya mnyama wa kazi: farasi, na ndugu yake punda. Kwa kufanya hivyo hatuondoki nyumbani. Katika miji mingi ya pwani yetu zipo nyumba zinazokula kwa jasho la punda, na namna anavyotendewa siku nguvu zilipomwishia ni jambo ambalo watoto huliona kwa macho kabla hawajafundishwa neno lolote juu ya huruma.

Tuanzie mbali kidogo, Cairo. Mwaka 1930 alifika katika mji huo mama mmoja wa Kiingereza, Dorothy Brooke, mke wa ofisa wa jeshi la farasi. Alikuwa na habari kwamba farasi waliotumikia majeshi ya Uingereza na ya washirika wake katika Vita Kuu ya Kwanza walibakizwa Misri. Vita vilipokwisha mwaka 1918, wakubwa walipiga hesabu ya nauli za meli, wakaingiwa na hofu ya maradhi, wakaona ni nafuu wanyama wale wauzwe huko huko walikokuwa. Australia peke yake ilikuwa imepeleka ng’ambo farasi zaidi ya laki moja katika vita vile. Aliyerudi kwao ni mmoja tu, jina lake Sandy, naye alikuwa farasi wa jenerali aliyekufa vitani.

Bibi Brooke aliwakuta wale waliosalia wakivuta mikokoteni ya mawe na mizigo ya sokoni, miaka 12 baada ya vita. Wengi walikuwa wamepindukia umri wa miaka 20, ambao kwa farasi ni uzee. Waliweza kutambulikana kwa alama ya mshale waliyochomwa na jeshi kwa chuma cha moto, alama ambayo ngozi haikuifuta hata pale nyama ilipokwisha chini yake. Mmoja wa wa mwanzo kununuliwa alipewa jina la Old Bill, mnyama aliyekongoroka hata kusimama ni kazi.

Mwezi Aprili 1931 mama huyo aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London, akawaeleza wasomaji hali aliyoiona. Fedha zikamiminika. Katika muda wa miaka mitatu hivi yeye na kamati yake wakawa wamenunua farasi kiasi cha 5,000.

Hapa ndipo penye uzito, na hatupendi kupapitia mbio. Walio wengi katika hao 5,000 hawakupelekwa kwenye malisho mabichi. Walilazwa juu ya majani makavu yaliyotandikwa vizuri, wakanyweshwa, wakalishwa, wakapumzishwa siku chache, kisha wakauawa pasipo maumivu. Atakuwapo msomaji wa kuuliza: huo ni uokoaji gani? Suala la kisheria la kumuua mnyama asiyeliwa kwa nia ya kumpumzisha tunawaachia wanavyuoni, ambao wamelijadili kwa mapana. Sisi twasema hili tu, kwamba mama yule hakuwa na uchaguzi baina ya kifo na maisha mema. Farasi wa miaka 20 na ushei, miguu imepinda, macho yamepofuka, angerudishwa sokoni angenunuliwa na mtu masikini zaidi kuliko yule wa kwanza, na mtu huyo angemtumikisha kwa nguvu zaidi kwa kuwa hana kingine. Twaona alichagua kwa uchungu na alichagua kwa akili.

Jambo la pili aliloliona ndilo lililotufanya tushike kalamu. Wenye farasi wale hawakuwa makatili. Walikuwa watu mafukara, mkate wa watoto wao umefungwa kwenye shingo ya mnyama yule yule aliyekuwa akianguka njiani. Kumnyang’anya mtu wa namna hiyo mnyama wake kwa jina la huruma ni kumtupa yeye na wanawe njaani, na kesho yake atakopa fedha anunue mnyama mwingine dhaifu vile vile. Kwa hiyo kila farasi alilipiwa bei. Na mwaka 1934 kazi ile ikageuka sura: ikafunguliwa hospitali katika Cairo, kwa kumbukumbu ya farasi wa vita, ya kuwatibu bila malipo farasi na punda wote wa watu wasiojiweza. Mlango wa hospitali ukawa wazi kwa mwenye mnyama kabla ya mnyama kufikia hatua ya kununuliwa afe. Dorothy Brooke alifariki mwaka 1955, naye alizikwa Cairo. Jumuiya iliyotokana na kazi yake, inayoitwa kwa jina lake, leo inafanya kazi katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Ethiopia, Senegal, Pakistan na India.

Sasa tuseme juu ya yule mnyama ambaye bado ana umri wa kuishi, ila amedhoofu kwa kutelekezwa. Watu wengi hudhani kwamba dawa ya njaa ni chakula, basi. Jambo si jepesi hivyo, na wapo wanyama wengi waliouawa na ndoo ya nafaka iliyotolewa kwa moyo safi kabisa.

Mnyama anaposhinda na njaa kwa majuma na miezi, mwili wake humaliza mafuta kisha huanza kuila misuli yake wenyewe, na akiba ya madini mwilini hupungua. Akipewa ghafla shayiri au mahindi mengi, sukari hupanda katika damu, mwili hutoa insulini kwa wingi, na insulini ile huyavuta madini ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya chembe za mwili. Damu hubaki tupu. Moyo na pumzi hushindwa, na farasi aliyevumilia njaa miezi mitatu hufa siku ya tatu au ya tano ya shibe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, walilichunguza jambo hili wakaona kwamba majani makavu ya alfalfa hufaa kuliko nafaka, kwa kuwa yana sukari na wanga kidogo, na yana madini yanayotakiwa. Hutolewa nusu kilo hivi kwa mlo mmoja, mara 6 kwa siku, mchana na usiku, kisha kipimo huongezwa kidogo kidogo kwa muda wa siku 10. Kurudi kwenye uzito wake wa kawaida huchukua miezi 6 hadi 10. Mlezi asiye na subira na asitie mkono.

Madaktari wa mifugo wana kipimo cha kupima unono wa farasi, kilichotungwa Texas mwaka 1983. Hawatumii mizani. Hupapasa kwa kiganja shingo, mabega, mbavu, mgongo na shina la mkia, kisha hutoa alama kuanzia 1 hadi 9. Mwenye 1 ni mifupa mitupu, mwenye 9 ni mnene wa kudhuriwa na unene wake. Tumekitaja kipimo hiki kwa sababu mkono wa mtu ye yote, hata wa mtoto, waweza kujifunza kuisoma mbavu ya punda wa nyumbani kwao. Jicho hudanganywa na manyoya. Mkono haudanganyiki upesi.

Kwato nazo zina saa zake. Hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, pengine pungufu, hivyo ukwato uliopasuka au uliorefuka ukapinda juu huhitaji karibu mwaka mzima kuja mwingine mzima, huku ukichongwa kila baada ya majuma machache. Meno vile vile: ya farasi na punda huendelea kuchomoza umrini mwao mwote, yakasagika kwa kutafuna, na kingo zake zikiwa kali hukata mashavu na ulimi kwa ndani. Mnyama wa namna hiyo aweza kukonda mbele ya chakula kingi, mwenyewe akadhani amerogwa au ni mkaidi, kumbe anayehitajika ni mtu mwenye tupa na ujuzi wa kuitumia.

Akishapona, huenda wapi? Hili watu wengi hulifikiri mwisho ilhali lingefaa kufikiriwa mwanzo. Uingereza lipo shirika, World Horse Welfare, lililoasisiwa mwaka 1927 na mama aitwaye Ada Cole, aliyekuwa ameona katika bandari ya Antwerp farasi wazee wa kazi wakiteremshwa melini na kuswagwa kwenda machinjoni. Shirika hilo huwapokea farasi waliotelekezwa, huwauguza, kisha huwakabidhi kwa familia. Lakini halimpi mtu umilki. Farasi hubaki kuwa wa shirika, na aliyempokea ni mlezi tu: hana ruhusa ya kumuuza, na wakaguzi hupita kumtazama. Siku mambo yakimharibikia, humrudisha. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa maana ya mpango huo, kwa kuwa jina lake analo kinywani kila siku. Ni amana. Na twaona ndio mpango pekee wenye kinga, kwa maana mnyama aliyepona, akanawiri, bei yake hupanda, na bei ikipanda dalali hayuko mbali.

Katika Afrika ya Mashariki dalali huyo tumemjua. Kenya ilifungua machinjio manne ya punda kuanzia mwaka 2016, ngozi zikipelekwa China kuchemshwa zitoe gundi ya dawa za asili, na wizi wa punda ukaenea hadi mtu akaamka asubuhi akakuta ngozi haipo na mzoga ukiwa kichakani. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata. Tanzania nayo ilizuia uchinjaji mwaka 2022, na wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Februari 2024 kuukataza barani kote. Watu waliopigania jambo hili kwa nguvu ni akina mama wa vijijini wanaoteka maji. Punda akiibwa, mzigo huhamia mgongoni mwao.

Na Lamu? Mji ule wa vichochoro, ambako gari karibu halina kazi, hubebwa na punda: mchanga, matofali, maji, mizigo ya majahazini. Mwaka 1987 jumuiya ya Uingereza inayohudumia punda, iliyoanzishwa na Elisabeth Svendsen, ilifungua zahanati huko, na punda wakaanza kutibiwa pasipo malipo: vidonda vya mgongoni vitokanavyo na shogi lisilotandikwa vizuri, minyoo, macho, kwato. Zikawekwa pia siku za kuwatunza wenye punda waliotunzwa vizuri zaidi. Shindano hilo twalipenda kuliko mbio, ambazo nazo zina umaarufu wake, kwa kuwa mshindi humaliza mwaka mzima akijiandaa na punda wake hana la kuhemea.

Shida mpya ya Lamu ni takataka. Punda huachwa watembee mitaani wajitafutie, na kwa kuwa malisho ni haba hula mifuko ya plastiki iliyobeba mabaki ya chakula. Plastiki haisagiki tumboni. Hukusanyika ikaziba matumbo, na punda, kwa tabia yake ya kuficha maumivu, hunyamaza kimya mpaka amekwisha. Husemwa asante ya punda ni mateke. Sisi twadhani aliyetunga methali hiyo hakuwahi kumwona punda mgonjwa, maana huyo hapigi hata teke. Huinamisha kichwa tu, akaacha kula. Na kuacha kula kwenyewe ni hatari: punda akikaa siku chache bila chakula mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu, yakaharibu ini, akafa kwa hilo hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Kwa hiyo asiyekula leo, mwiteni daktari wa mifugo leo.

Kwa wale wenye punda aliyezeeka na wanaokusudia, inshaallah, kumpumzisha nyumbani, haya ndiyo tuliyonayo. Mfungieni shogi juu, asibebeshwe tena hata mzigo wa “karibu tu hapo.” Mpeni kivuli na mahali pakavu pa kusimama, kwa kuwa ngozi ya punda haizuii mvua kama ya farasi. Akiwa meno yamekwisha, majani makavu hayawezi. Loweka pumba katika maji mpaka ilainike, mpe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Maji yawe safi, punda hukataa maji machafu hata akiwa na kiu. Na kama alizoea kufanya kazi na mwenziwe, asitenganishwe naye ghafla, hata kama mwenziwe bado ana nguvu na anatoka kila asubuhi: walazwe pamoja jioni.