Huzuni Isiyo na Matanga

Katika jamii zetu, msiba wenye jina hupewa siku zake. Mtu afapo, majirani huleta kuni na maji, mikeka hutandikwa, na watu hukaa matanga hadi siku ya kuyaanua. Ndoa ivunjikapo, wazee wa pande mbili huitwa, mahari hujadiliwa, na shangazi humkalisha binti wa kaka yake akamliwaza. Waislamu nao, tangu Lamu hadi Bondeni hapa Nakuru, wana eda: talaka ikishatolewa, mke hukaa muda uliowekwa kabla ya kuolewa tena. Makusudi ya desturi hizi ni mengi, lakini faida moja inazikutanisha zote. Zinakiri mbele ya watu kwamba jambo limekwisha, na zinamwekea aliyefiwa au aliyeachwa siku ya kuinuka.

Je, mwanamume aliyeachwa na mwanamume mwenzake atakaa matanga na nani?

Swali hili huenda likamkera msomaji fulani, naye akaliona halifai kuulizwa gazetini. Namsihi avumilie kidogo. Wanaume wanaowapenda wanaume wenzao wapo Nakuru, Naivasha, Njoro na Molo, kama walivyopo kila penye watu. Wanapendana, wanagombana na wanaachana. Kupendana kwao kumejadiliwa mahakamani, bungeni na mimbarini. Kuachana kwao hakuzungumzwi na mtu, na hapo ndipo wengi wao wanapoangamia kimyakimya.

Tumchukulie kijana wa kufikirika tu. Anakaa Kaptembwo na kuuza katika duka moja karibu na barabara ya Kenyatta. Kwa miaka minne ameishi na mwenzake, ambaye mwenye nyumba anamjua kama binamu. Asubuhi moja binamu huyo anafungasha nguo zake na kuhamia Naivasha. Kazini kijana anaulizwa mbona amekonda. Anajibu kwamba ni malaria. Mwenye nyumba anauliza binamu yuko wapi. Anajibu kwamba amepata kazi. Mama yake anapiga simu kutoka Molo kumjulia hali. Anajibu kwamba yu salama salimini. Kwa siku moja amesema uongo mara tatu, na kila uongo umemfungia mlango ambao angeweza kuupitia kutafuta faraja.

Tazama basi ukubwa wa hasara yake. Mume aliyeachwa na mkewe amepoteza mke, lakini amebakiwa na ndugu, marafiki na majirani wanaojua kwamba aliwahi kuwa na mke. Kijana wetu amempoteza mpenzi, na papo hapo amempoteza mtu wa pekee aliyemjua alivyo. Shahidi wa miaka yake minne ameondoka na ushahidi wote. Si ajabu basi kwamba baada ya majuma machache anaanza kujiuliza kama miaka hiyo ilikuwapo, na kama yeye mwenyewe ana thamani yoyote.

Hapo ndipo kujiamini kunapovunjika, na tunapaswa kuelewa jinsi kunavyovunjika. Sauti mbili huchanganyika masikioni mwake. Moja ni ya mpenzi aliyesema, "Sikutaki tena." Nyingine ni ya jamii iliyomwambia tangu utotoni kwamba watu wa namna yake ni laana na kichekesho. Akizisikia pamoja, hufikia uamuzi wa uongo: "Nimeachwa kwa sababu watu kama mimi hatupendeki." Ni uongo kwa sababu mapenzi ya wanaume hawa huvunjwa na mambo yale yale yavunjayo nyumba za majirani wao: fedha, hasira, umbali, usaliti, au kuchokana tu. Mume aliyeachwa na mkewe hasemi kwamba ndoa zote duniani ni batili. Kwa nini huyu alazimike kuhukumu maumbile yake kwa kosa la mtu mmoja? Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Kijana huyu haumwi ugonjwa wowote isipokuwa ule wa moyo uliovunjika, ambao sote tunaujua.

Sheria nayo ina mkono wake katika huzuni hii. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kutoka kwa serikali ya kikoloni iliyoanza kuitumia Kanuni hiyo hapa mwaka 1930, kinatishia kifungo cha hadi miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Wanaofungwa kwa kifungu hicho ni wachache, lakini kivuli chake ni kirefu. Wapenzi wanapoachana kwa ubaya, kila mmoja anazo barua, picha na siri za mwenziwe, na asiye na haya hugeuza siri hizo kuwa mtaji. Anayedaiwa fedha ili asiumbuliwe huona haya kwenda polisi, hulipa, kisha hudaiwa tena. Ajue kwamba kudai mali kwa vitisho ni jinai, na kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inakataza kusambaza picha za faragha za mtu. Amtafute wakili kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, kwani anayelipa kwa hofu hamalizi kulipa.

Nakuru yetu imepata kumzaa mtu aliyeijua njaa ya kutaka kusikilizwa. Mwandishi Binyavanga Wainaina alizaliwa hapa mwaka 1971. Mnamo Januari 2014 alichapisha insha ambamo alimweleza mama yake kwamba yeye ni shoga. Ajabu ya insha hiyo ni kwamba mama huyo alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 2000. Mazungumzo hayakutokea kamwe. Mwana aliyabuni, akajiweka kando ya kitanda cha mgonjwa na kusema lile alilokuwa hajalisema. Wengi waliisoma insha ile kama tangazo kwa dunia. Mimi naisoma pia kama maombi ya mtoto anayemtafuta msikilizaji, hata kama ni lazima amwite kutoka kaburini. Binyavanga alifariki tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla ya hukumu niliyoitaja. Kama mtu mwenye kipaji na sifa kama zake alihitaji kumbuni msikilizaji, muuza duka wa Kaptembwo atafanyaje?

Atafanya kwanza lile lililo dogo: kumtafuta mtu mmoja. Haina haja kuutangazia ulimwengu. Rafiki mmoja aliyepimwa kwa siri ndogo kabla ya kupewa kubwa, au mshauri nasaha aliyefungwa na maadili ya kazi yake kutotoa siri za wateja, anatosha kuanzisha matanga. Wapo pia wenzake waliopitia njia hiyo hiyo, na kukutana nao kuna msingi wa kisheria. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba ilikuwa makosa kukataa kulisajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji kwa sababu tu ya jina lake. Uamuzi huo haukukigusa kifungu cha 162. Hata hivyo ulithibitisha kwamba watu hawa, kama Wakenya wengine, wana haki ya kujumuika. Na watu wanaoweza kujumuika wanaweza pia kuliwazana.

La pili ni kuupa wakati nafasi yake. Wapo wanaokimbilia kitanda kingine usiku ule ule, wakidhani kwamba mwili mpya utafuta jina la zamani. Mara nyingi huamka na upweke mara mbili, na pengine na hatari kwa afya. Ukaribu wa kweli hauanzii kitandani. Huanza kwa kula pamoja na mtu bila kuigiza, kwa kutamka "hapana" ikaheshimiwa, kwa kukumbatiwa na rafiki asiyetaka kitu. Mwili uliozoea kujificha hujifunza polepole kwamba si kila mkono unaonyooshwa umekuja kupiga au kuchukua. Siku ya mapenzi mapya ikifika, aingie akiwa amepima virusi vya Ukimwi na kuujua mlango wa kliniki. Dawa za kumeza za kujikinga zilianza kutolewa kwa mpango wa kitaifa nchini mwaka 2017. Kuutunza mwili wako ni kukiri kwamba una thamani hata wakati ambapo hakuna anayeusifu.

La tatu ni onyo. Ni katika majuma haya ya udhaifu ambapo jamaa husema, "Sasa umekuwa mtu mzima, oa." Kijana aliyechoka hukubali, akitumaini kwamba harusi itamsafisha. Kwa kawaida matokeo ni watu wawili waliojeruhiwa badala ya mmoja: mume anayeishi kwa hila, na mke anayejiuliza miaka nenda miaka rudi amekosea nini. Binti wa watu si dawa ya kutibu huzuni ya mwingine.

Nawageukia sasa wazazi, wachungaji, maimamu na marafiki. Sikuombeni mbadili imani zenu kwa kusoma safu moja ya gazeti. Nawaulizeni tu: ni dini ipi iliyowaamuru kumwacha jirani azame kwa kuwa hamkuipenda mashua aliyopanda? Kijana asiyekula, asiyelala, anayegawa vitu vyake na kuzungumza kama msafiri, asihojiwe kwanza amempenda nani. Akae na mtu. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Angalau kwa hilo sheria imeanza kutambua kwamba aliyekata tamaa anastahili msaada kuliko pingu. Familia zisichelewe kuliko mahakama.

Nakuru ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini bado ni mahali ambapo mtu hukutana na aliyemwacha kwenye foleni ya matatu za Njoro. Siku hiyo itafika kwa kijana wetu pia. Asiyekaa matanga atatetemeka, atageuza uso, na usiku atarudi mwanzo wa safari. Aliyelia mbele ya rafiki, akahesabu siku zake na kuambiwa na mwenzake, "Nilijua ulimpenda, nami nimeona ulivyoumia," ataweza kumsalimu, kupanda gari na kushuka kituoni kwake. Huko ndiko kuanua matanga. Gharama yake kwetu ni mkeka mmoja na masikio mawili.