Kona ya Shule: Insha ya kutoa pendekezo

Mwezi huu tunajifunza insha ya kutetea pendekezo. Mfano wetu ni mashamba ya michikichi kule Minago, Rumonge.

Kwanza, swali: aliyekimbia mwaka 1972 akirudi akakuta mwingine analima shamba lake, ifanyike nini?

Pili, ushahidi: Mkataba wa Arusha wa 2000 unasema mkimbizi arudishiwe mali yake, ikishindikana, alipwe fidia ya haki.

Tatu, tusikie upande wa pili: huyo anayelima naye ana watoto, pengine alipewa na serikali.

Ndipo tupendekeze: shamba ligawanywe, au mmoja alipwe? Nani alipe? Bila jibu hilo, insha inabaki malalamiko tu.

Watoto, waulizeni wazee mipaka ya shamba ilipita wapi, muandike.