Tafakari ya Juma: Anayeanza Kukimbia na Aanze kwa Kutembea



Juma hili tunaomba kuzungumza juu ya mtu mzima ambaye hajakimbia tangu alipomaliza shule, na sasa anataka kuanza. Watu wa namna hiyo ni wengi miongoni mwetu. Baadhi wameambiwa na daktari kwamba presha imepanda au kwamba sukari imeanza kuwasumbua. Wengine wamechoka kuhema kila wanapopanda ngazi. Agizo la "fanya mazoezi" wamelisikia mara nyingi, lakini namna ya kuanza hawakuelezwa. Wanajaribu mara moja au mbili, kisha wanaacha.

Maoni yetu ni kwamba wengi wao hawaachi kwa uvivu. Huachishwa na mambo mawili: haraka na haya. Haraka ni juu ya mkimbiaji mwenyewe kuishinda. Haya ni juu yetu sote.

Tuanze na haraka. Mtu huamka siku ya kwanza na kuondoka nyumbani kwa kasi anayoikumbuka ya ujana wake. Baada ya mita mia tatu pumzi imemwishia, mbavu zinamchoma, naye anarudi akiamini kwamba mbio hazikuwekwa kwa ajili yake. Mwingine huvumilia juma la kwanza, lakini juma la pili goti linavimba. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya ndani ya majuma machache. Bali mifupa na kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, huhitaji miezi. Ndiyo maana mtu aweza kujiona ana nguvu za kwenda mbali ilhali miguu yake haijawa tayari.

Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorinto alitumia mfano wa mbio, nao bila shaka walimwelewa upesi, kwani mashindano ya Isthmia yalifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili. Lakini katika mashindano yale taji lilikuwa la mmoja. Anayeanza leo hashindani na mtu yeyote, wala na ujana wake mwenyewe.

Basi na aanze kwa kutembea. Mwaka 1996 Mmarekani Josh Clark alitunga utaratibu wa majuma 9 ambao umewasaidia wengi katika nchi mbalimbali. Mtu hutoka siku tatu kwa juma, akipumzika walau siku moja katikati. Katika juma la kwanza hutembea haraka kwa dakika 5 ili mwili upate joto, kisha hukimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, kwa zamu, hadi zitimie dakika 20. Vipande vya kukimbia huongezeka kidogo kidogo, na mwishoni lengo ni kukimbia dakika 30 bila kusimama, au karibu kilomita 5. Aliyeona juma fulani ni gumu na alirudie. Hakuna aibu katika kurudia.

Na kasi je? Kipimo chake ni mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima huku unakimbia, mwendo wako unafaa. Ukishindwa, punguza.

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au maumivu ya kifua hana budi kumwona daktari kwanza. Misuli kuuma siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Maumivu yanayokaa mahali pamoja, kwenye mfupa au kiungo, na kuzidi kila unapokimbia, yakutake upumzike. Vaeni raba zinazoushika mguu vizuri, wala si malapa. Tokeni kabla ya jua kali, na penye barabara pasipo na njia ya miguu, kimbieni mkiyaelekea magari ili muyaone yanapokuja.

Wako watakaosema kwamba kazi zetu za kila siku ni mazoezi tosha. Kwa anayelima kutwa nzima na kuteka maji mbali, ni kweli. Hatuna cha kumfundisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linahesabu pia mwendo wa kazini na wa safari. Linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa kadiri kwa juma, kama vile kutembea haraka, au dakika 75 za mwendo mzito, kama vile kukimbia. Lakini wengi wetu siku hizi tunashinda tumeketi: ofisini, dukani, kwenye usukani au juu ya bodaboda. Na ambaye magoti yake hayaruhusu mbio, atembee haraka, naye ametimiza.

Sasa tuje kwenye haya. Mama mnene akipita mtaani akikimbia taratibu, kijiwe kizima hugeuka. Watoto humfuata wakicheka, na mtu mzima huuliza kwa sauti kama anamkimbiza mwizi. Kesho yake mama huyo hatoki. Au hutoka gizani ili asionekane, na huko gizani peke yake hana usalama.

Jambo hili latushangaza katika nchi yetu. Tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki. Alifika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Hadi leo twamtaja kwa fahari. Taifa linalomheshimu mtu aliyemaliza wa mwisho linawezaje kumcheka jirani anayeanza polepole?

Wala umri usiwe kisingizio. Sista Madonna Buder wa Marekani alianza kukimbia akiwa na miaka 48, kwa kushauriwa na padre. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza mashindano ya Ironman nchini Kanada: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na mbio kilomita 42. Hatumwombi yeyote afike huko. Tunasema tu kwamba naye alikuwa na siku ya kwanza, na kwamba aliyemshauri hakumcheka.

Hivyo tunapendekeza kwa jumuiya ndogondogo zetu jambo lisilohitaji michango wala sare. Watu watano wa jumuiya moja wakutane Jumamosi alfajiri, mama kwa baba, watembee na kukimbia kwa zamu kwa nusu saa, na mwendo upangwe na aliye nyuma kabisa. Akina mama watapata usalama wa kuwa wengi, na kijiwe hakitathubutu kuwacheka watu watano kwa pamoja. Wanaodhani jambo hili haliwahusu waamini wakumbuke kwamba hata Vatikani, tangu mwaka 2019, inayo timu yake ya wakimbiaji, ambamo wamo mapadre, masista na walinzi wa Papa.

Jumuiya zetu huchangia matibabu na misiba bila kusitasita. Kumsindikiza jirani kwa dakika 30 ni mchango uo huo, uliotolewa mapema.

Na usiyekusudia kukimbia, unayo sehemu yako. Ukimwona jirani anahema njiani, msalimu kwa jina, mpe pole, umwache apite.