Bundi Ana Kosa Gani?

Bundi akilia juu ya paa, mara tunasikia: "Kuna mtu atakufa!" Wengine huokota mawe, wengine humrushia vijinga vya moto. Nao ni watu waliobatizwa, wasalio kila Dominika. Basi na tuwaulize: bundi ana kosa gani?

Tumtazame kwanza yeye mwenyewe. Yule mwenye uso mweupe, akaaye katika majumba, ana manyoya laini sana. Ndiyo maana huruka bila kusikika. Masikio yake hayalingani, moja liko juu kidogo kuliko lingine. Hivyo hujua panya alipo hata gizani. Humeza panya mzima, halafu hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Asiyesadiki aokote vidonge hivyo chini ya kiota, avipasue: ataona mafuvu ya panya. Mifupa ya mtu hataiona.

Hapa Manono yako majumba matupu, yaliyoachwa bila mapaa na vita vya 1998 hadi 2003. Watu husema ni makao ya wafu. Sivyo! Kwa bundi ni mahali patulivu pa kutagia mayai. Na panya anaowala ni wale wale wanaomaliza mahindi yetu ghalani. Tunamwua mlinzi, kisha tunalia kwamba mwizi ameingia.

Wengine watajibu: "Lakini alilia, na mtoto akafa." Je, zile siku nyingi alizolia asife mtu, nani amezihesabu? Malaria huletwa na mbu, wala si na bundi. Na mtoto mwenye homa akicheleweshwa kwa mganga, asipelekwe hospitali, tusimsingizie ndege.

Tena ubaya hauishii kwa ndege. Baada ya kilio cha bundi hutafutwa "mwenye bundi", naye huwa nani? Mara nyingi ni mjane mzee, asiye na mtoto wa kumtetea. Huyo hutukanwa, hufukuzwa, pengine huuawa. Jiwe lililotupwa kwa ndege limempata mtu.

Mungu ndiye aliyeumba ndege wa mchana na wa usiku. Amwitaye bundi mjumbe wa wachawi anamkosoa Muumba wake. Ee Mkristo, bundi akilia usiku huu, mwache awinde. Wewe mguse mtoto wako, uone kama ana homa. Na asubuhi nenda ukamwamkie yule bibi jirani.