Faramir hakustahili kupelekwa Osgiliath

Katika riwaya ya Tolkien, ulimi wa Sam, mmoja wa wasafiri wawili wenye Pete ya uovu, unateleza mbele ya nahodha Faramir, siri inafichuka, na Faramir anaikataa Pete papo hapo. Kisha anawapa wasafiri hao chakula na fimbo za kutembelea. Peter Jackson, katika The Two Towers ya 2002, alimfanya awaburuze kama mateka hadi mji wa Osgiliath kabla ya kuwaachia. Watetezi wa Jackson husema Pete inayokataliwa kirahisi haitishi, tena filamu ilihitaji kilele, maana buibui Shelob alisogezwa hadi filamu ya tatu. La kilele nalikubali. Lakini Boromir, kaka yake, alikwisha kuonyesha Pete inavyomla mtu. Kulirudia hilo kwa mdogo wake ni kupoteza tofauti iliyowafanya ndugu hao wavutie. Isitoshe, katika filamu ya kwanza Aragorn na Galadriel wanaikataa, wala haikupungua makali.